Mama Jemima wa Simi-Simi

Colette alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alichukua tonge kutoka kwenye karai, akalibamiza katikati ya fito, kisha akalisawazisha kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Upande wa pili wa ukuta, ndani ya chumba kipya, mume wake Évariste alifanya vivyo hivyo, na mara kwa mara vidole vyao vilikutana penye tundu ambalo lilikuwa bado halijazibwa.

"Udongo wako umekuwa maji," Évariste alisema kutoka ndani. "Ni kama uji wa mugonjwa."

"Wewe ndiye ulimwaga maji."

"Mimi nilimwaga ya kutosha. Wewe uliongeza ya kunawia."

Jirani yao Kadidja, aliyehamia hapo kutoka Maniema zamani, alipita na beseni la mihogo iliyolowekwa. Akasimama kutazama.

"Mama Jemima," alisema, "nyumba yenu sasa iko na vyumba kama ofisi ya serikali. Mutapoteana humo ndani."

"Hiki ni cha Jemima."

"Donc ni kweli? Unaenda kumuchukua?"

"Kesho kutwa, boti ikipita."

Kadidja hakutania tena. Alitua beseni, akachota udongo kidogo, akaubandika mahali palipokuwa na nafasi, kama mtu anayechangia kitu kanisani au msikitini. Kisha akajitwisha mihogo yake akaenda.

Kijijini wote walimwita Colette Mama Jemima, ingawa watoto wadogo hawakuwahi kumwona huyo Jemima. Mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mtoto awepo asiwepo. Jemima alikuwa hayupo tangu mwaka wa mafuriko, mto ulipopanda mpaka kwenye mashamba na mihogo ikaozea ardhini. Wakati huo Colette alikuwa akimnyonyesha Yannick, na titi lenyewe lilikuwa halitoi kitu. Jemima alikuwa amejifunza kutokuomba chakula. Alikuwa akikaa karibu na jiko lisilo na moto na kusubiri, na kusubiri kwake ndiko kulikomshinda mama yake. Colette alipanda mtumbwi wa mfanyabiashara wa makaa, akampeleka mtoto Kisangani kwa dada yake mkubwa Julienne, aliyekuwa akiuza mbika, mbegu za maboga, sokoni na hakujaliwa kuzaa.

"Mpaka mavuno," alisema siku hiyo.

Alirudi kumwona mara mbili. Kila alipoondoka, mtoto alilia siku nzima na kukataa kula, na Julienne akamwambia kwa upole kwamba ni heri asije kila mara, asimvunje moyo. Aje siku ya kumchukua. Lilikuwa shauri jema. Colette alilifuata. Mavuno yalikuja yakapita, na mengine yakaja yakapita, na kila mara kulikuwa na deni la dawa au msiba, na nauli ya boti ikawa kitu cha kusemwa tu.

Kisha mwaka jana wakaja watu wa mradi. Walizunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji vya ukingoni, upande huu na ule wa mji mdogo wa Yanonge, wakieleza kwamba kila kaya itapewa pesa kwa simu. Si mkopo, walisema, na hakuna atakayekuja kuuliza mlizifanyia nini. Watu hawakuamini. Papa Zacharie, aliyeongoza sala za Jumapili, alisema chini ya paa la kanisa kwamba mzungu hatoi bure, na kwamba wale watakaopokea siku moja wataombwa watoto wao.

"Mimi mutoto nilisha kutoa," Colette alisema. "Basi wanilipe."

Watu walicheka. Halafu kicheko kikakatika chenyewe, na mtu mmoja akaanza kuzungumza habari za mvua.

Pesa ziliingia, na hakuna aliyekuja kuomba mtoto. Ni kweli maisha yalibadilika, na Colette hakuwa mtu wa kuona haya kusema hivyo. Évariste aliacha kufyeka mashamba ya wengine na akafyeka la kwake. Nyumba ilipata mabati. Yannick, ambaye sasa alikuwa kijana wa kukimbiakimbia, aliingia shule na hakurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Walikula asubuhi. Kitu hicho kidogo, kula asubuhi, kiliwashangaza kuliko mabati. Wiki za kwanza walikula kwa haraka, wakitazama mlangoni, kana kwamba mwenye chakula angetokea.

Évariste alitaka kinachofuata kiwe injini ya mtumbwi. Colette alisema, "Kwanza chumba." Mumewe alichukua panga, akaenda kukata fito siku hiyohiyo.

*

Alipanda boti akiwa na kitenge kipya cha Julienne na kikapu cha samaki waliokaushwa. Walikuwa ngolo, wale kambare weusi wa mtoni, wanene kama mkono wa mtu. Miaka yote familia ilikuwa ikiwauza na kubakiza vichwa vya kuchemshia mchuzi. Safari hii Colette aliwanunua yeye mwenyewe kwa wavuvi, akawakausha polepole juu ya moto wa kuni mbichi mpaka wakang'aa mafuta. Alitaka mtoto wake ale minofu.

Kisangani alichukua toleka. Kijana mwenye baiskeli alimketisha nyuma na kikapu chake na kukanyaga mpaka Simi-Simi, karibu na uwanja wa ndege wa zamani. Hapo Colette akapotea. Nyumba zilikuwa zimeongezeka, na ule mchikichi alioukumbuka ulikuwa umekatwa. Alimsogelea mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga mikate ya mafuta, kama maandazi, kando ya njia.

"Samahani, mama. Natafuta kwa Julienne, anauza mbika sokoni."

"Julienne?" Mwanamke aligeuza mikate yake, akifikiri. "Hapa hatuna Julienne."

"Ni mwembamba, mguu mmoja unamsumbua."

"Ah. Uko unasema Mama Jemima. Ungesema hivyo tangu mwanzo. Ni kule, mlango wa buluu."

Colette alibaki amesimama. Kijana wa toleka ilibidi amkumbushe nauli.

"Wewe ni ndugu yake wa kijijini?" mwanamke aliendelea. "Wa zile pesa za simu? Alors, muwaambie hao watu wako sisi wa mujini pia tunalala njaa. Tena tunalala njaa wazi wazi, barabarani, hawahitaji hata boti kutufikia."

Alisema hivyo akicheka, na akamfungia Colette mikate miwili kwenye karatasi bila kutaka malipo.

Julienne alikuwa mlangoni kabla hajabisha. Alikuwa amezeeka. Walikumbatiana, na Colette akahisi mifupa ya dada yake chini ya blauzi. Nyumba ilikuwa ileile ya chumba na nusu, paa limezibwa kwa plastiki mahali pawili. Colette aliona, na akaona aibu kwa kuona, kwamba sasa yeye ndiye mwenye nyumba bora.

Msichana mrefu mwenye kichwa kilichosukwa vizuri alitoka nyuma, akifuta mikono. Alipiga goti kidogo.

"Mbote, mama mudogo," alisema.

Ni salamu nzuri. Ndivyo mtoto aliyefundwa anavyomsalimu mdogo wa mama yake.

"Nilikuambia umuite mama," Julienne alisema. "Ndiye alikuzaa, nilikuelezea yote."

"Ndiyo, mama," Jemima alimjibu Julienne. Kisha akamgeukia Colette na kumpokea kikapu.

Colette alimtazama akienda nacho. Alitafuta katika mwendo ule kile kitoto kilichokuwa kikikaa karibu na jiko. Alikiona shingoni, kwenye nywele ndogo zilizokataa kusukwa. Kwingine kote hakukiona.

"Anajua kama nimekuja kumuchukua?" aliuliza.

"Anajua. Alilia juzi. Jana hakulia. Leo asubuhi amefunga nguo zake yeye mwenyewe." Julienne alifunika mguu wake kwa kitenge. "Bon. Mimi sitakuzuia, Colette. Nilimupokea mzima, nakurudishia mzima. Ngoja niende sokoni nimwambie mwenzangu akae mezani kwangu leo, halafu tutaongea vizuri."

Julienne aliondoka, na wawili hao wakabaki. Colette alishukuru kuwa na kitu cha kufanya. Aliosha ngolo, akawakata, akawapika kwa mawese na pilipili na majani ya mihogo aliyoyakuta yametwangwa. Jemima alimsaidia bila kuambiwa. Alijua kila kitu kilipo. Alipoulizwa kuhusu shule alisema yuko darasa la tano, na kwamba mwalimu wao Madame Fanny hupiga kwa rula lakini si kwa nguvu. Alipoulizwa kuhusu rafiki alitaja Joëlle, binti wa yule mama wa mikate.

"Nyumbani una chumba chako," Colette alisema. "Papa yako anakimalizia."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

Mtoto alifikiri. "Sijawahi kulala peke yangu," alisema. "Mama akilala ninamukanda mguu mpaka asinzie."

Colette alipakua. Aliweka kipande cha katikati, kile kinene, kwenye sahani ya mtoto. Jemima alikitazama kidogo, akanawa, akasali, akala. Alikula polepole na hakubakiza, na Colette hakugusa sahani yake mwenyewe. Alikuwa akimtazama akitafuna. Kwa muda wote huo, tangu mafuriko, hiyo ndiyo saa aliyokuwa ameiomba: mtoto huyu, samaki huyu, na chungu kikiwa bado kimejaa.

"Nikuongezee?"

"Asante, mama mudogo. Nimeshiba."

Mtoto alikwenda kuosha sahani. Aliporudi alikuwa akijikuna shingo. Kisha mikono. Colette alifikiri ni mbu. Alipomgeuza kwenye mwanga, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, na macho yalikuwa yakifunga, na kifua kilikuwa kinatoa sauti nyembamba kila alipovuta pumzi.

"Jemima, ni nini? Jemima?"

Hakujua la kufanya. Alimpa maji. Akamfungua nguo kifuani, akampepea kwa mfuniko wa chungu. Alikuwa amebeba watoto, amezika mmoja, alijua homa na minyoo na degedege, lakini hiki hakukijua, na mtoto alikuwa akimtazama kwa macho yaliyobaki kama mistari, akisubiri yeye ajue.

Julienne aliingia wakati huo. Alimtazama mtoto, akatazama chungu.

"Ngolo?" aliuliza.

"Ngolo."

Hakupiga kelele. Aliinua godoro, akatoa kidonge kwenye kikopo, akakitia chini ya ulimi wa mtoto. Akampandisha mgongoni na mguu wake ule mbovu, akatoka. Colette alimfuata mbio, akaita toleka mbili. Mama wa mikate aliwaona na kusimama. "Ni samaki tena, Mama Jemima?" aliuliza, na wanawake wote wawili wakageuka.

Kwenye kituo cha afya nesi alimchoma mtoto sindano mara moja, kisha akaomba malipo ya dawa. Colette alilipa kabla hajamaliza sentensi.

"Ile mara ya kwanza niliacha hapa kitenge changu cha harusi," Julienne alisema taratibu, si kwa kulalamika. "Sikurudi kukikomboa. Leo imekuwa rahisi. Ni vizuri."

Nesi alikaa na karatasi yake. Aliuliza mtoto ana uzito gani, na Julienne akajibu. Aliuliza kama ni samaki wote, na Julienne akajibu kwamba ni wale wasio na magamba tu, wengine anakula. Aliuliza ilianza lini.

"Mama ya mutoto ni nani kati yenu?" akauliza mwishoni, kalamu ikingoja.

Julienne alitazama chini kwenye sakafu, na Colette akaelewa kwamba dada yake alikuwa anamwachia nafasi, kwamba angekaa hivyo hata mpaka jioni bila kusema neno.

Kitandani Jemima alikuwa ameshika kidole cha Julienne. Alikuwa amekishika tangu waingie.

"Ni huyu," Colette alisema, akimwonyesha dada yake.

Nesi akaandika.

Uvimbe ulianza kushuka baada ya muda. Julienne alipotoka kutafuta maji ya moto, Colette alisogea karibu na kitanda.

"Ulijua kama samaki huyo anakudhuru?"

Jemima alitikisa kichwa kukubali.

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Mama anasema chakula ya mugeni hairudishwi." Sauti yake ilikuwa bado nzito. Alimtazama Colette usoni, akaona kitu hapo, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye huruma akaongeza: "Ilikuwa tamu."

*

Kesho yake hakukuwa na boti ya kushuka. Walikaa uani tangu mchana, dada wawili na beseni la mbika katikati yao. Julienne alikuwa na oda ya mwanamke wa mgahawa, na mbegu hizo za maboga huambuliwa moja moja: unanyunyizia maji, unaminya ncha kwa kucha, ganda linafunguka na punje nyeupe inatoka. Kucha za Colette zilikuwa za shamba. Alivunja nyingi.

"Boti iko kesho asubuhi," Julienne alisema. "Mutoto ameamka vizuri. Nitakuandikia jina la kidonge, na usimpe ngolo, wala samaki yeyote mwenye ngozi laini. Akipata homa, anapenda—"

"Yaya," Colette alimkatiza, kama mdogo anavyomwita dada mkubwa.

"Ngoja nimalize. Anapenda kufunikwa miguu tu. Kichwa hapana."

Simu ya Colette iliita. Alikuwa Évariste. Sauti yake ilikuja na kelele za kuku nyuma yake. Alisema fundi ameleta kitanda, ni cha mbao nzuri, kimepita mlangoni kwa shida. Aliuliza mtoto amekua kiasi gani, kitanda kisije kikawa kifupi.

"Amekua sana," Colette alisema.

"Nipe nimusalimie."

"Amekwenda kuchota maji."

"Bon. Mutapanda kesho?"

"Nitakupigia, papa Jemima. Tuko tunaambua mbika."

"Mbika za nini?" aliuliza akicheka, na mtandao ukakatika, au Colette aliukata. Aliweka simu kifudifudi juu ya mkeka. Aliambua mbegu kadhaa, na hakuvunja hata moja.

"Kesho nitapanda peke yangu," alisema.

Mikono ya Julienne ilisimama ndani ya beseni.

"Colette. Mimi sikukuomba hivyo."

"Najua."

"Nilisema nakurudishia. Nilisema mbele ya Mungu. Utaambia nini bwana yako? Amejenga."

"Sijui bado nitamwambia nini."

"Chukua mutoto wako. Atazoea. Mutoto anazoea, wewe mwenyewe uliona, alizoea hapa."

"Niliona," Colette alisema. "Alilia siku ngapi alipokuja?"

Julienne alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa vidole vilikuwa na majimaji ya mbegu.

"Pesa za mradi bado zitaingia mara moja tena," Colette aliendelea. "Nitatuma za shule, na za hilo paa. Na likizo kubwa aje atuone, aje na wewe. Yannick hajui kama ana dada. Nitamwambia anaye Kisangani."

"Si kwa ajili ya pesa nilimulea."

"Yaya, najua. Ingekuwa kwa ajili ya pesa, ningemuchukua."

Nje mwanamke wa mikate alikuwa akigombana na mteja aliyetaka mkate wa jana kwa bei ya nusu. Jemima aliingia na ndoo kichwani, akaitua kivulini, akawatazama wote wawili. Haikujulikana kama alikuwa amesikia. Watoto wa nyumba za chumba kimoja husikia karibu yote. Alikaa kwenye mkeka katikati yao, akaegemea bega la Julienne bila kufikiri, kama mtu anavyoegemea ukuta wa kwao. Akachukua mbegu kutoka mkononi mwa Colette.

"Unaminya katikati," alimwambia. "Ndiyo maana inavunjika. Minya hapa, kwenye mudomo wake."

Colette alijaribu. Ilivunjika.

"Polepole, mama mudogo. Lete mukono."

Alikishika kidole gumba cha Colette na kukiweka mahali panapotakiwa. Mkono wake ulikuwa umelowa maji ya ndoo. Ganda lilifunguka, punje ikatoka nzima, na mtoto akaitia kwenye sahani na zingine.

"Umeona?"

"Nimeona."

Waliendelea hivyo watatu. Julienne hakumtazama dada yake, lakini alimsogezea beseni karibu zaidi. Giza lilipoanza kuziba macho beseni lilikuwa bado limejaa nusu. Julienne alinyunyizia maji mbegu zilizobaki zisikauke, akazifunika kwa gunia.

"Iliyobaki tutafanya asubuhi, kabla ya boti," alisema. "Huyo mwanamke wa mgahawa haji mapema."

Jemima alisimama kwenda kuwasha moto. Colette alikusanya maganda yote kwenye mkeka kwa viganja, mpaka yale madogo yaliyoingia kwenye nyuzi, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake.